Kazi ya usawa kazini serikalini: uingie kwa mlango upi ukiwa Tanga?

Ukitafuta mtandaoni kazi ya mtaalamu wa usawa wa ajira na anuai serikalini, majibu mengi yatakupeleka Marekani. Kule ni kada yenye namba yake, 0260, na mtumishi wa serikali kuu anayedai amebaguliwa hupewa siku 45 za kumfikia mshauri wa usawa wa taasisi yake kabla ya kufungua lalamiko rasmi. Rudi sasa nyumbani, ingia Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini, andika cheo hicho. Hukioni. Kazi yenyewe ipo, ila imekatwa vipande na kugawiwa kada nne tofauti: afisa utumishi, afisa kazi, msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na afisa maendeleo ya jamii.

Wengi hulinganisha kada hizi kwa mshahara au kwa kuuliza ipi ina safari nyingi. Tunashauri uanze kwingine. Kila moja inakupa uwezo fulani na kukunyima mwingine, na huo unaonyimwa ndio utakaokukera miaka ishirini. Uchague kero unayoweza kuishi nayo.

Sheria inayowaunganisha wote

Popote utakapoangukia, utaishi na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kinakataza kumbagua mtu kwa rangi, utaifa, kabila au alikotoka, asili yake katika jamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri au hali ya maisha. Kinahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na ausajili kwa Kamishna wa Kazi.

Kina mambo matatu ambayo hata wenye shahada huyapita. Kwanza, neno "mfanyakazi" mle ndani linamhusu na mwombaji kazi. Kibao cha "anahitajika dada mhudumu, asiwe na mume wala mtoto" kimeshavunja sheria kabla mtu yeyote hajaajiriwa. Pili, mlalamikaji akishaonyesha kwa ushahidi wa awali kwamba dalili za ubaguzi zipo, mzigo unahamia kwa mwajiri, na yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua au kwamba tofauti ile ilitokana na mahitaji halisi ya kazi. Tatu, sheria hii kwa jumla haiwagusi JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, lakini vifungu vya 5, 6 na 7, yaani ajira ya watoto, kazi ya kulazimishwa na ubaguzi, vinawagusa hata wao.

Ongeza hapo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa wasiopungua asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Hesabu yake huwachanganya watu. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6, na kwa kuwa sheria imesema "isiyopungua", huwezi kushuka hadi sifuri. Ni mtu mmoja. Wafanyakazi 120 wanakupa 3.6, nayo ni wanne. Ukikuta taarifa iliyoandika watatu kwa watu 120, imekosewa.

Kwa mtazamo wa haraka

| Mlango | Uko chini ya nani | Uwezo mkubwa | Kero kubwa |
|---|---|---|---|
| Afisa utumishi | Halmashauri, sekretarieti ya mkoa, wakala au shirika la umma | Faili, ikama (idadi ya watumishi na nafasi zao), mafunzo, nidhamu | Anayelalamikiwa anaweza kuwa bosi wako |
| Afisa kazi | Kamishna wa Kazi | Kuingia, kuhoji, kudai nyaraka, kutoa amri | Eneo pana, maafisa wachache |
| Msuluhishi au mwamuzi | CMA | Kumaliza mgogoro kwa hati inayobana | Huruhusiwi kumtetea mtu |
| Afisa maendeleo ya jamii | Halmashauri | Watu, vikundi, dawati la jinsia | Huna mamlaka ya nidhamu kwa mwajiri |

Afisa utumishi

Huyu ndiye anayekaribiana zaidi na yule wa Marekani, hasa ukimweka pamoja na watu wa Anuai za Jamii walioko Ofisi ya Rais, Utumishi, Dodoma. "Anuai za jamii" ndilo neno la kiserikali kwa haya mambo: jinsia, ulemavu, VVU na magonjwa sugu yasiyoambukizwa kazini. Lijue, kwa sababu miongozo yote utakayotumia imeandikwa chini ya kichwa hicho. Nafasi za Dodoma zenyewe ni chache na mara nyingi hufikiwa na mtu aliyekwisha kufanya kazi ya utumishi kwingine. Kwa anayeanza, mlango uko halmashauri, na Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji hadi Kilindi na Bumbuli. Bandari, mamlaka ya maji na Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake makuu yako Tanga, nazo zina maafisa rasilimali watu wao.

Ujue mapema kwamba nafasi ya "usawa" haitaandikwa katika barua yako ya ajira. Utapangiwa likizo, upandishaji vyeo, mafaili, uhakiki wa watumishi. Usawa utautafuta humo humo, na ukijua pa kutazama utaukuta mwingi.

Watu husema serikalini hakuna ubaguzi wa malipo kwa kuwa mshahara unafuata ngazi: TGS D ni TGS D, awe mwanamume au mwanamke. Kwa mshahara wa msingi ni kweli. Tofauti hukaa kwenye vitu vinne visivyo kwenye ngazi: safari za kikazi, kukaimu nafasi, mafunzo, na muda mtu anaokaa cheo kimoja. Chukua orodha ya idara moja kwa miezi 12. Weka safu sita: jina, jinsi, cheo, siku alizosafiri kikazi, mara alizokaimu, mafunzo aliyohudhuria. Ongeza ya saba kwa wenye ulemavu waliojitambulisha. Jumlisha kwa makundi, kisha gawa kwa idadi ya watu wa kila kundi. Usilinganishe jumla tupu. Idara yenye wanaume 12 na wanawake 5 lazima itaonyesha siku nyingi za wanaume hata kama mgawo ni wa haki. Ukikuta wanaume wana wastani wa siku 18 na wanawake 6, hapo umepata cha kuuliza. Jibu la kwanza utakalopewa ni "wao wenyewe hawataki kusafiri, wana watoto." Uliza walikataa lini na kwa barua ipi. Mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Uzazi ni eneo la pili. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa pacha na zaidi, na mama akirudi ana hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Siku 84 ni karibu robo ya mwaka. Kama msimamizi wake hakupanga upya majukumu katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi ulioshika nafasi ya OPRAS, robo ile inabaki na kazi zisizotekelezwa na alama zinashuka, na miaka miwili baadaye upandishaji cheo unachelewa bila mtu kukumbuka sababu. Afisa utumishi makini hupitia orodha ya waliopo likizo ya uzazi kila robo na kumwandikia msimamizi mapema: punguza malengo, usimwachie mtu kazi asiyekuwepo kuifanya. Barua ya aya mbili inatosha. Likizo ya baba, ambayo sheria inaipa siku zisizopungua 3, huibuka kwa namna nyingine: wengi hawaiombi. Sheria inataka ichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na zikipita, imepita.

Eneo la tatu ni ulemavu, nalo ni la vitu vya mkononi. Mtumishi mwenye ualbino usimweke uso wake ukitazama dirisha, hasa ofisi zetu hizi za pwani ambazo jua la asubuhi linaingia kutoka baharini bila kizuizi. Mgeuzie meza akae na mgongo dirishani, kioo cha kompyuta kisirudishe mwanga, maandishi yakuzwe. Kazi ya lindo la nje au ya kusimamia barabara saa saba mchana usimpangie. Kwa kiziwi, kikao bila mkalimani wa lugha ya alama ni kikao ambacho hakualikwa, hata jina lake likiwa kwenye mahudhurio. Mkalimani hupatikana kwa kuombwa siku kadhaa kabla, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya mwaka. Ukiisubiri hadi siku ya kikao utaambiwa kasma, yaani fungu la bajeti, haina fedha, na utakuwa umeambiwa kweli.

Sasa kero. Siku moja lalamiko litaletwa mezani kwako, na anayelalamikiwa ni mkuu wa idara anayekusainia likizo. Wewe ni mtumishi wa mwajiri yule yule. Fanya lililo ndani ya uwezo wako: pokea kwa maandishi, andika tarehe na saa, fungua faili la siri, mpe mlalamikaji nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Usimshauri "myamalize nyumbani". Kisha mweleze njia zilizo nje ya ofisi: Katibu Tawala wa Mkoa, mfumo wa malalamiko wa e-Mrejesho, Tume ya Utumishi wa Umma. Jambo likiwa ni kutakwa mwili ili apate cheo, uhamisho au safari, hilo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU ndiko linakoanzia. Kinachoharibu kesi hizi zaidi ya vyote ni nakala ya lalamiko kuzunguka kwa dokezo mezani kwa watu watano kabla ya kumfikia anayehusika. Saa nane mchana mji mzima una habari.

Afisa kazi

Kama moyo wako uko kwa wasio watumishi wa umma, huku ndiko. Tanga si mji wa ofisi tupu. Kuna mashamba ya mkonge Korogwe na Muheza, viwanda vya Pongwe, bandari, hoteli za Raskazone, na Chongoleani ambako linaishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443. Mikataba ya muda, vibarua na wakandarasi wa wakandarasi: ubaguzi hupenda kukaa humo.

Afisa kazi ana uwezo ambao wengine watatu wanautamani. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, anaweza kuingia mahali pa kazi kwa saa zinazofaa bila kubisha hodi ya barua, akahoji mtu yeyote, akadai rejesta ya mishahara na mikataba, akachukua nakala, na akatoa amri ya utekelezaji. Mwajiri asiyekubaliana nayo ana siku 30 za kuipinga kwa Kamishna wa Kazi. Nyumba ya mtu binafsi ndiyo inayohitaji ridhaa au amri ya mahakama, jambo linalofanya kesi za wafanyakazi wa ndani kuwa ngumu kupita zote.

Namna ya kazi tuionyeshe kwa shamba la mkonge. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Ukifika shambani na kuuliza kama mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa, utajibiwa ndiyo, na ni kweli: anayekata analipwa kwa mizigo, awe nani. Ila tazama nani yuko wapi. Wakataji wengi ni wanaume. Wanaoanika singa (nyuzi za mkonge) baada ya korona, mashine inayokwangua majani, na wanaosimama kwenye brashi, mashine ya kusafisha singa, wengi wao ni wanawake. Swali la sheria ni kama kazi hizo mbili, ingawa si moja, zina thamani moja. Utazipima kwa vigezo vinne: ujuzi, nguvu inayotumika, wajibu, na mazingira. Ukataji una jua, miiba ya ncha za majani na uzito. Kwenye brashi kuna vumbi la singa siku nzima na mashine inayozunguka karibu na vidole. Andika alama kwa kila kigezo kwa kila kazi, kisha linganisha na malipo ya siku. Asiyefanya hesabu hii ataandika "hakuna ubaguzi" kila mwaka na saini yake chini.

Makosa ya afisa kazi mgeni ni mawili. La kwanza ni kuhoji wafanyakazi mbele ya msimamizi, hutapata neno. Chagua mwenyewe majina kutoka kwenye rejesta, sema nao mmoja mmoja, pembeni, na uanze na maswali ya kawaida ya saa za kazi ili aliyelalamika asijulikane. La pili ni kutazama mkataba bila kutazama tarehe. Mfululizo wa mikataba ya miezi mitatu mitatu kwa wanawake peke yao, unaokatika pale tu mimba inapoonekana, hauonekani kwenye karatasi moja. Panga mikataba ya watu kumi sakafuni kwa tarehe, utauona.

Kero ya mlango huu ni umbali na idadi. Mkoa ni mkubwa, Lushoto na Kilindi si jirani, na gari la ofisi lina wenyewe wengi. Utafunga migogoro ya mishahara na michango kwa wingi kuliko ya ubaguzi, kwa sababu aliyebaguliwa mara nyingi haji kusema kwamba amebaguliwa. Huja akisema "wameninyima siku zangu."

Msuluhishi wa CMA

Kwa waliosoma sheria, huku kunavutia kuliko kote, na tuna wasiwasi na mvuto huo. Msuluhishi si mtetezi. Mtu aliyeingia kazini kwa hasira ya kupigania wanyonge atateseka kwenye kiti kile, kwa kuwa kazi yake ni kuwafikisha wawili kwenye makubaliano, akiwa hana upande. Akishindwa, mgogoro huenda kwa mwamuzi, na huyo anatoa tuzo, yaani uamuzi unaowabana wote wawili.

Muda ndio roho ya kazi hii. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ukiwemo wa ubaguzi usiohusu kuachishwa, siku 60. Usuluhishi una siku 30. Tuzo ikitoka, asiyeridhika ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Aliyechelewa hujaza fomu ya kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya ucheleweshaji. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali chenye tarehe haimfikishi mbali.

Kuna kona moja ambayo msuluhishi anayejua anuai huiona na mwingine haioni. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo halali. Sheria imemfungia mlango huo. Lakini kifungu cha 7 hakina sharti la miezi sita. Mhudumu aliyefukuzwa mwezi wa nne kwa sababu ya mimba, fomu yake ikijazwa "kuachishwa kazi" itatupwa, ikijazwa "ubaguzi" itasikilizwa. Fomu namba 1 ina visanduku, na kisanduku kimoja hubadilisha kila kitu. Msuluhishi hawezi kumjazia, ila makarani wa mapokezi na vyama vya wafanyakazi wanaojua hilo huokoa watu wengi.

Afisa maendeleo ya jamii

Huyu tutampitia upesi. Ana dawati la jinsia, ana MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), ana mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ni kazi ya usawa, na kubwa, ila sehemu yake iliyo ndani ya ajira ni ndogo. Mwajiri akimbagua mtu, afisa maendeleo atampa ushauri, rufaa na bega la kulilia. Kama unachopenda ni mtaa, vikundi vya Ngamiani na vikao vya jioni chini ya mwembe, chagua huku bila kusita. Kama unachopenda ni sheria ya kazi, utachoka na marejesho ya mikopo kabla mwaka haujaisha.

Jambo linalowapotosha wengi: mtumishi wa umma haendi moja kwa moja CMA

Ukiwa popote kati ya milango hii utaulizwa na muuguzi au mtendaji wa kata apeleke wapi lalamiko lake. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Asiporidhika na mamlaka yake ya nidhamu, anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, na kutoka Tume ni kwa Rais. Mwenye kukimbilia CMA kwanza hupoteza miezi kwenye pingamizi la mamlaka ya kusikiliza, na siku zake 45 zinakwisha akiwa kwenye benchi lisilo lake. Afisa utumishi anayelijua hili na akakaa kimya ametumia ukimya kama silaha. Tumeliona neno "hakukata rufaa kwa wakati" likifunga mafaili mengi ambayo yangestahili kufunguliwa.

Nani aende wapi

Mwenye shahada ya rasilimali watu, utawala wa umma au sosholojia, mvumilivu wa makaratasi, na mwenye kifua cha kutunza siri: afisa utumishi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa Tanga, kwa hiyo aliye na cheti au stashahada anaweza kujiendeleza bila kuhama mji. Mwenye miguu ya safari, asiyeogopa geti lililofungwa na anayeweza kukataa soda ya meneja: afisa kazi. Mwanasheria mwenye masikio kuliko mdomo: CMA.

Usichague kituo ukidhani utabaki Tanga. Mji wenyewe una msemo wake, waja leo waondoka leo, na uhamisho wa serikali haukuuliza kama umeshazoea boflo na chai ya Chumbageni. Kada kama afisa utumishi na afisa maendeleo ziko kila halmashauri nchini. Afisa kazi na msuluhishi utahama mkoa kwa mkoa. Aliye na mzazi wa kumuuguza au mtoto mwenye mahitaji maalumu alipime hili mapema kuliko mshahara.

Kuomba

Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal. Umri usizidi miaka 45. Jaza namba ya NIDA, pandisha vyeti kamili vilivyothibitishwa na wakili, na barua iliyosainiwa. Karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki, wala matokeo ya muda ya chuo. Aliye tayari mtumishi wa umma anapitisha barua kwa mwajiri wake. Ukiwa na ulemavu, ainisha kwenye mfumo. Wengi huogopa kwamba watachujwa, na ni kinyume chake kinachowatokea: hawakutaja, wanafika kwenye mtihani wa mchujo hakuna maandishi makubwa wala nukta nundu wala mkalimani, na hakuna wa kumlaumu kwa kuwa hakuna aliyejua. Usaili wa ana kwa ana unaomba vyeti halisi mezani.

Kosa linalowatoa watu wa pwani kila msimu ni jina. Cheti cha kuzaliwa Mwanahamisi, cha darasani Mwanahamis, NIDA imeongeza la babu. Walioolewa wakachukua jina la mume wana tatizo hilo hilo mara mbili. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa ndiyo inayoziba pengo hilo, na huchukua muda, kwa hiyo iandae sasa, kabla tangazo halijatoka. Ukishaajiriwa kuna miezi 12 ya majaribio. Itumie kuomba upangwe kwenye orodha ya mafunzo na ikama, maana ndiko data ilikojificha, na ukithibitishwa kazini uwe tayari na ile jedwali ya safu saba ya idara yako, imejazwa.